Nani Aligusa Freni ya Radi

Houda alizaliwa na sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa mfupi na mwembamba, wa kupotea katikati ya wanawake wenzake, lakini akiita mtu kutoka mlangoni kwao Buyenzi, mafundi wa gereji za mtaa mzima waliinua vichwa. Mama yake alikuwa akimwomba aishushe, kwamba mwanamke hapazi sauti kama mwadhini. Houda alijaribu, akashindwa. Alipofikia umri wa kuolewa akaolewa, mume akafariki, akarudi nyumbani kwa kaka yake Twahiru na sauti ile ile.

Twahiru alikuwa fundi wa kamiyo, yale malori makubwa ya mizigo. Siku moja alifikiwa na Gaspard, mfanyabiashara wa Rohero ambaye duka lake la vyombo vya umeme liliteketea soko kuu lilipoungua. Tangu moto ule Gaspard alikuwa amejaribu mitumba, akajaribu viti vya harusi, akajaribu kuku, na hakuna kilichomshika. Sasa alikuwa na simu mkononi. Alimwonyesha Twahiru video ya magari ya nchi za mbali: kamiyo zilizopandishwa juu ya matairi yanayompita mtu urefu, zikishindana kuruka vilima vya udongo na kuponda magari mengine mbele ya umati uliolipa kiingilio.

"We unaweza kutengeneza kitu kama hiki?" aliuliza.

Twahiru aliitazama video mara mbili. "Naweza, patroni. Lakini si mi peke yangu. Nikiwa na Namegabe."

Namegabe alikuwa mchomeleaji. Alikimbia vita upande wa Bukavu na mkewe Sephora na watoto, akafika gerejini kwa Twahiru akiwa hana kitu ila miwani ya kuchomelea. Twahiru alimpa chuma kilichopasuka ajaribu. Tangu siku hiyo walifanya kazi bega kwa bega na kula sahani moja, mmoja akisali Ijumaa na mwingine Jumapili. Ni wao wawili waliotengeneza yale magari. Walichukua fremu za kamiyo zilizokufa, matairi ya trekta na ya mashine za barabara, wakaunga vyuma mpaka majirani wakalalamika kwa cheche. La kwanza walilipaka rangi ya njano na kuliita Radi. Hilo liliendeshwa na Twahiru. La pili lilikuwa jeusi, likaitwa Nyati, nalo lilikuwa la Namegabe. Watu wa mji waliyaita yote mawili majitu.

Gaspard alikodi shamba la zamani la pamba upande wa mto Rusizi, karibu na mpaka, nje ya mji, akalizungushia kamba na mabati. Alipotafuta mtu wa kutangaza, Twahiru alimwambia asisumbuke, yuko mtu nyumbani.

Miaka ya mwanzo ilikuwa miaka ya raha. Jumapili ya mashindano, watu wa Mutanga Nord walikuja na magari yao na watoto wenye nguo za kanisani, na watu wa Buyenzi na Bwiza walikuja kwa miguu, makundi kwa makundi. Wachoma brosheti za nyama waliwasha makaa tangu asubuhi. Majitu yalisimama sambamba kwenye mstari huku ardhi ikitetemeka, kisha yakaachiwa, yakaruka, yakatua juu ya magari mabovu yaliyonunuliwa kutoka kwa mafundi, vioo vikamwagika kama mahindi, na juu ya injini zote mbili ikapita sauti ya Houda. Kushinda kulikuwa kwa zamu. Twahiru na Namegabe walipanga wenyewe gerejini, wakinywa chai, nani atangulie Jumapili ijayo.

Houda akawa mtu wa kujulikana. Alisimamishwa njiani na watu asiowajua. Harusi ikifanywa bila yeye kushika mikro na kutangaza, wageni walinong'ona kwamba maharusi wameishiwa. Aliipenda sana hali hiyo. Ni vizuri lisemwe wazi, maana yaliyofuata yalianzia hapo.

Kisha mazutu, yaani dizeli, ikaanza kukosekana. Magari yalilala kwenye foleni za stesheni za mafuta, na Gaspard akawa anatuma watu Uvira, ng'ambo ya mpaka, kuleta bidoni za mafuta ya kutosha kuyawasha majitu kwa alasiri moja tu. Magari mabovu nayo yakaadimika, kwa kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu walianza kuyapeleka kuyeyushwa. Ikabidi Radi na Nyati yayaponde magari yale yale ya mwezi uliopita, mpaka yakawa bapa kama chapati na hakuna kilichosikika kuvunjika. Bomba likipasuka kwenye Radi, walilifungia kipande kutoka kwenye Nyati. Na watu walikuwa wameshaona. Ukimwona tembo mara ya kumi, humwiti tena jirani yako aje kuangalia.

Gaspard aliwaita wote watatu ofisini kwake Rohero. Hakuwa mtu wa kugombeza. Aliwakaribisha soda, akasema kwa upole kwamba huenda akafunga. Matairi yalikuwa na mteja tayari, watu wa mashine za barabara.

Houda alijiona amerudi jikoni kwa kaka yake, akimenya ndizi, sauti yake ikirudi kuwa kero. Akasukuma soda yake kando.

"Watu wamechoka na magari," alisema. "Tuwape watu. Tuseme Twahiru na Namegabe hawapatani."

Twahiru alicheka. "Nani ataamini? Buyenzi yote inatuona tukila sahani moja."

"Basi musile sahani moja."

Gaspard aliweka chupa yake mezani na kusogea mbele.

"Na nani atakuwa mubaya?" Namegabe aliuliza. Macho yote yalikuwa kwake, na aliyaona. "Naelewa," akasema, akitabasamu. "Mugeni ndiye mubaya. Sawa, mi nitakuwa mubaya. Hata mu filamu lazima akuwepo. Lakini ku nyumba yangu mutaniletea sukari."

Wakacheka wote, na Houda akacheka kuliko wote.

Namegabe aliucheza ubaya wake vizuri. Alivaa shati jeusi, alipandisha injini kila Twahiru alipotajwa, alipita karibu na watu akiwaonyesha ngumi. Houda aliacha kumwita kwa jina. Alimwita yule wa ng'ambo ya Rusizi. Maneno hayo yalimtoka kirahisi na umati uliyapokea kirahisi, ukayageuza wimbo. Nyati lilihamishiwa kwenye ua mwingine, na Namegabe akaacha kuja gerejini mchana. Uwanja ulianza kujaa tena. Lakini baada ya miezi michache ukaanza kupwaya, kwa sababu hata chuki, isipoongezwa kuni, hupoa.

Jumapili moja katikati ya mashindano, bomba la freni la Radi lilipasuka. Lilikuwa limeungwa mara nyingi mno kwa kuwa jipya halikupatikana. Radi lilitoka kilimani likiwa na kasi, likapita alama ya kusimama, likagonga tuta la udongo, likainuka mbele, likalala ubavu polepole kama ng'ombe anayechinjwa. Umati ukanyamaza. Namegabe alikuwa wa kwanza kushuka. Alikimbia kuelekea kwa rafiki yake, akafika nusu ya njia, akasimama. Alikumbuka kwamba yeye ni adui. Aligeuka, akarudi kwenye gari lake.

Kila mtu alimwona akigeuka.

Twahiru alitoka dirishani mdomo ukivuja damu, akainua mkono kuonyesha ni mzima. Houda alikuwa na mikro mkononi. Alimhofia kaka yake, hilo ni kweli, lakini alisikia pia kile kimya cha maelfu ya watu wanaomsubiri yeye, na hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. Akasema taratibu, neno kwa neno:

"Nani aligusa freni ya Radi?"

Hakusema zaidi. Uwanja ulimjibu kwa jina moja, tena na tena.

Safu ya mbele alikuwa ameketi mzee Massoudi, jirani yao, muuza vipuri vya mitumba. Miaka ya nyuma mtoto wake wa kiume alikufa kwenye mteremko wa Bugarama, kamiyo ya viazi ilipokatika freni. Houda alikwenda matangani, alikaa na wanawake siku zote za msiba, alimsikia mzee huyu akiuliza kila mgeni kama chuma kinaweza kukatika chenyewe. Sasa alimwona akisimama kitini, mikono imekufa ubavuni, akiliangalia gari jeusi. Alimwona, akageuza macho.

Jioni ile Twahiru alikaa kwenye benchi la gereji akijikanda mdomo kwa maji ya chumvi.

"Kwa nini ulisema vile?" aliuliza. "Bomba ilipasuka. Ilikuwa ya zamani, we unajua."

"Sikutaja jina la mutu."

"Uliuliza, Houda. Watu wakiulizwa wanajibu."

Lakini Gaspard alipiga simu akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu soko liungue. Watu walikuwa wameanza kuulizia viti vya mbele. Twahiru alilitengeneza Radi, kwa kuwa alikuwa na watoto na hakujua kazi nyingine iliyobaki. Namegabe naye alikubali kuendelea. Alisema tu kwamba safari hii utani umekuwa na chumvi nyingi.

Kabla ya Jumapili iliyofuata Sephora alikuja kwa Houda. Ilikuwa saa za adhuhuri, jua kali, naye alikuwa na beseni kichwani limejaa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Ndiyo biashara yake: kila asubuhi aliiuza kwenye njia za Buyenzi, nyumba kwa nyumba. Alilitua beseni mlangoni, akakaa kwenye kizingiti bila kukaribishwa.

"Dada Houda, mi nilizoea kumaliza sombe mbele ya adhuhuri," alisema. "Angalia. Leo sikuuza hata fungu. Mwanamuke mumoja aliniambia hawezi kula mboga ya nyumba ya muuaji. Muuaji nani? Nani alikufa?"

"Ni mchezo, Mama Divin. Unajua ni mchezo."

"Mi najua. Wao hawajui. Divin anapigwa ku shule. Jana alirudi na shati imepasuka, hakutaka kuniambia ni nani." Alijifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Baba yake anasema itapita. Yeye anapenda kazi yake, anawapenda nyinyi. Hatakuambia. Ndio maana nimekuja mi. Sema ku mikro kwamba ni mchezo. Maneno mbili tu."

Houda aliangalia chini. "Jumapili hii uwanja umekwisha kujaa. Mazutu imenunuliwa. Ikipita hii nitasema. Wallahi nitasema."

"Umeapa?"

"Nimeapa."

Sephora alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa asichokiamini. Houda akaona aibu, akaingia ndani kutafuta pesa ili anunue sombe yote. Alipotoka, Sephora alikuwa ameshajitwika.

"Sikuja kuuza," alisema, akaenda zake.

Jumapili ilifika. Hakujawahi kuwa na umati kama ule. Watu walipanda juu ya mabati, juu ya magari yao wenyewe. Kiapo kilikuwa kifuani kwa Houda, na mara mbili alifikiri amalize hapo hapo, aseme kabla injini hazijawashwa. Lakini Gaspard alikuwa pembeni yake anang'aa, na umati ulikuwa ukiliimba jina lake, jina la Houda. Akajiambia baada ya mashindano.

Nyati lilianza kuzunguka uwanja taratibu kama ilivyopangwa, Namegabe akionyesha ngumi dirishani. Houda akatangaza, "Huyo anakuja, yule wa ng'ambo ya Rusizi, yule anayejua freni." Alilisema tu ili kunogesha. Kutoka safu za mbele kitu kidogo kiliruka hewani, kikametameta, kikaingia dirishani.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Nyati liliyumba kuelekea kwenye kamba, kuelekea kwenye watu, watu wakaanza kukanyagana. Kisha likasimama. Lilisimama vizuri, kwa upole, umbali wa hatua chache kutoka kwa watoto waliokuwa wameinama chini. Namegabe alikuwa amebana freni kwa mguu huku akijishika uso kwa mikono miwili. Twahiru aliruka kutoka kwenye Radi, akakimbia, na safari hii hakuna aliyekumbuka kwamba ni maadui. Alimbeba rafiki yake mgongoni mpaka kwenye gari la Gaspard. Sakafuni mwa Nyati waliokota nati nzito ya kamiyo, ya kutosha kujaza kiganja.

Jicho la kushoto halikuokoka.

Houda alikwenda hospitalini akiwa na chupa ya chai. Sephora alisimama katikati ya mlango wa wodi. Hakumtukana. Alisema, "Amelala," akabaki amesimama hapo hapo, mpaka Houda akageuka na chai yake. Njia nzima alijisemea yale maneno mawili aliyoombwa. Yalikuwa mepesi sana mdomoni. Angeweza kuyasema kwa pumzi moja.

Gaspard alisikitika kweli, alilipa hospitali, lakini aliomba wafanye Jumapili moja ya mwisho, Radi peke yake, ili wafunge bila madeni. Houda alikubali haraka. Alikuwa anahitaji umati ule uwe mbele yake mara moja tena.

Twahiru alipokwisha kuleta Radi kwenye mstari, Houda alishika mikro kwa mikono miwili.

"Sikilizeni," alisema. "Namegabe hakugusa freni. Hakuna aliyeigusa. Bomba lilikuwa la zamani, likapasuka lenyewe. Yeye na kaka yangu ni marafiki. Walitengeneza magari yote mawili pamoja. Uadui niliutunga mimi. Ni mimi."

Mahali fulani mtu akacheka, na kicheko kikatambaa. Mwanamume mmoja akapaza sauti kwamba Houda amehongwa na Wakongomani, wengine wakampigia miluzi kwa furaha. Waliona ni sura mpya ya mchezo, kwamba huyo mubaya atatokea sasa hivi nyuma ya mabati na kitambaa jichoni. Houda alirudia, kwa sauti ya juu zaidi. Sauti ilivunjika, akalia. Alipolia walimshangilia kuliko siku zote, walisimama kumpigia makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Gaspard, ambaye hakuwa mbaya ila alikuwa mfanyabiashara, alimsogelea sikioni. "Vizuri sana," alinong'ona. "Endelea hivyo hivyo."

Radi lilizimwa. Twahiru alishuka, akavua helmeti, akaiweka juu ya tairi. Alitembea katikati ya uwanja mbele ya watu wote, akatoka getini, akashika barabara ya kurudi mjini kwa miguu. Umati ulimsubiri arudi. Walipoelewa kwamba harudi, walianza kudai viingilio vyao.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa majitu. Matairi yalikwenda kwa watu wa mashine za barabara. Nyati liliwekewa magurudumu ya kawaida, likawa kamiyo ya kubeba mchanga. Radi lilikatwa vipande na wanunuzi wa chuma, nyuma ya gereji lilikozaliwa, na Twahiru aliwakatia mwenyewe kwa sababu hakutaka mwingine aliguse. Gaspard akaanza biashara ya matangi ya maji. Twahiru hakumfukuza dada yake wala kumnyima chakula. Alizungumza naye mambo ya nyumbani tu: unga umekwisha, mtoto ana homa.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi, Houda alikuwa akipita mbele ya duka la mzee Massoudi. Mzee alimwita. Alikuwa amekaa katikati ya vipuri vyake, hajafungua hata mlango wa pili.

"Mwanangu, nikuulize," alisema. "Ile siku ya mwisho ulisema hakuigusa. Ulikuwa unacheza, ao ulikuwa unasema kweli?"

"Nilikuwa nasema kweli, mzee."

"Freni ya Radi."

"Bomba lilipasuka lenyewe."

Massoudi aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeambiwa njia ya kwenda mahali pa mbali. Kwenye ndoo pembeni ya goti lake zilijaa nati za kamiyo, na Houda alipoziangalia alielewa kabla hajaambiwa. Akakaa chini pale pale, kwenye mafuta na vumbi.

"Niliona mikono yake ku usukani," mzee alisema. "Nikasema, hii ndiyo mikono. Miaka yote nilikuwa natafuta mikono iliyofanya vile, na we ukanionyesha." Hakusema kwa hasira. "Kila siku ninasali, na sala haipandi. Mi nakwenda kwake. Utanipeleka?"

Houda hakutaka. Alitamani mzee aende peke yake, au asiende kabisa, ibaki kati yao wawili. Lakini alisimama, akajipangusa nguo, wakaenda Bwiza, alikoishi Namegabe, kwa miguu, mzee akitangulia kidogo ingawa hakuijua nyumba.

Namegabe alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha mbao, kitambaa kikiwa kimefunika jicho, akimenya kitunguu polepole sana. Alipowaona aliweka kisu chini. Sephora alitoka ndani, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe na mkono begani kwake.

Massoudi hakukaa. Alisema jina lake, akasema kazi yake, akasema habari ya mtoto wake na mteremko wa Bugarama, kisha akasema kwamba ni yeye aliyetupa ile nati. Alisema kama Namegabe anataka kwenda polisi, atakwenda naye sasa hivi, na kama anataka kitu kingine, ataje.

"Nilikuona," Namegabe alisema.

Mzee aliinua uso.

"Nilikuona mbele ya kurusha. Ulikuwa unalia. Nilifikiria kwanza ni mzee mugonjwa." Aligusa kitambaa cha jicho. "Polisi waliniuliza, nikasema sikuona mutu. Sikujua nitasema nini. Ningesema mzee mumoja alikuwa analia?"

Massoudi alifunika uso kwa kofia yake. Namegabe alimsukumia kwa mguu kiti kilichokuwa karibu, na baada ya muda mzee akakaa.

Houda alikuwa bado amesimama karibu na mlango wa ua. Alifungua kinywa, na yeye ambaye hakuwahi kukosa neno alisikia sauti yake imetoka ndogo, kavu. "Kaka Namegabe, na mimi nimekuja..."

"Mzee alidanganywa," Namegabe alimkatiza. Alimgeuzia uso wote, ilimbidi, ili amwone kwa jicho lililobaki. "We ulidanganywa na nani?"

Kuku walipita kati yao. Namegabe alisubiri kwa muda, bila chuki, kama alivyokuwa akisubiri chuma kipoe. Halafu akachukua kisu na kurudia kitunguu chake.

Ni Sephora aliyemsindikiza mpaka nje. Houda alifikiri labda atamwambia asirudi tena. Badala yake Sephora alifunga mlango wa ua nyuma yao na kusema kwa sauti ya chini, ili wa ndani wasisikie.

"Uliapa mbele yangu."

"Niliapa."

"Nasikia ulisema ku uwanja, wakakupigia makofi."

"Ndiyo."

"Basi usiseme tena ku mikro. Mi ninatembea Buyenzi mulango kwa mulango na beseni. Na we tembea mulango kwa mulango. Ukae chini, uwaambie mumoja mumoja, wakuangalie macho. Wakimaliza kukucheka, uwaambie tena." Alikwisha kuushika mlango. "Si kwa ajili ya kukusamehe. Ni kwa ajili ya Divin kwenda shule."

Houda alianza kesho yake. Kuna waliomkaribisha uji na kumsikiliza mpaka mwisho, wakashika vichwa. Kuna waliomwomba atangaze kidogo kama zamani, watoto wafurahi. Mama mmoja alimwambia usoni kwamba alijua tangu mwanzo, ila alinyamaza kwa sababu mchezo ulikuwa mtamu, kisha akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Twahiru alisikia habari za matembezi hayo kutoka kwa wateja. Siku moja alimwachia mbele ya mlango wake kiatu chake kilichoisha kwa kutembea, kimetengenezwa kisigino.

Namegabe alirudi gerejini. Kuchomelea kwa jicho moja ni kazi ngumu, mikono inakosea umbali, na Twahiru alimshikia vyuma kimya kimya mpaka mkono ukazoea. Mzee Massoudi aliwaletea vipuri bila kusema bei, wakamlazimisha kuchukua pesa, naye akachukua kidogo. Sephora alianza kurudi nyumbani na beseni lililopungua, siku nyingine nusu, siku nyingine zaidi. Akikutana na Houda njiani hakumsalimu. Houda alimsalimu kila mara, akapita.

Nyumba karibu na msikiti mdogo ilikuwa ya Bi Waridi, mwanamke aliyemwambia Sephora hawezi kula mboga ya nyumba ya muuaji. Houda aliiacha kwa muda mrefu, na alipoingia alieleza kila kitu tangu ofisini Rohero, bila kujitetea. Bi Waridi alichambua mchele wake, akapepeta, akapuliza makapi.

"Nimekusikia," alisema mwishowe. "Lakini wahenga walisema, lisemwalo lipo."

"Halipo, bibi. Nililisema mimi, na halikuwepo."

"Kama halipo, laja."

Houda alivuta mkeka karibu zaidi, akakunja miguu, akaanza upya.